Zafarani na vanila: kipi kinategemea zaidi mkono wa mtu?

Viungo hivi viwili ni miongoni mwa vilivyo ghali zaidi duniani, na sababu ni ileile: kazi ya vidole.

Zafarani inaongoza kwa wingi wa kazi. Kila ua lina nyuzi 3 nyekundu tu, na kilo 1 ya nyuzi kavu huhitaji maua yapatayo 150,000. Tena mmea wenyewe hauzai mbegu. Mkulima asipopanda upya vitunguu vya mmea huo, yaani mashina yake manene ya chini ya udongo, mmea hutoweka.

Lakini kwa ufundi, ushindi naupa vanila. Asili yake ni Meksiko, na ua lake hufunguka asubuhi moja tu, kisha hunyauka. Ilipopelekwa mbali na kwao ilichanua vizuri, ila maganda yakawa adimu, kwa kuwa maua hayakuchavushwa. Mwaka 1841, kisiwani Réunion katika Bahari ya Hindi, mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, aliinua kwa kijiti kiwambo chembamba kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike ndani ya ua, akakandamiza chavua kwenye sehemu ya kike kwa kidole gumba. Sekunde chache, basi! Wakulima wa vanila wanafanya hivyohivyo hadi leo. Albius mwenyewe alifariki mwaka 1880, akiwa maskini.