Koki na sindano ya kabureta kwa mashine ya majani: uzoefu wangu baada ya msimu mmoja

Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta kiwango kimepanda badala ya kushuka, usivute kamba. Nusa kwanza. Ikinuka petroli, na tone lake likawa jepesi kama maji kati ya vidole, ujue kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haifungi petroli, nayo imeshuka kwenye oili.

Kifurushi nilichonunua hapa Dodoma kina koki ndogo ya kufungia petroli, ya mpira wa milimita 6, sindano ya kabureta yenye ncha ya mpira, gasketi ya kikombe cha chini ya kabureta na klipu 2. Nimekitumia kuanzia Desemba hadi Aprili kwenye mashine ya kusukuma ya cc 160. Ukiondoa klipu, nimeridhika nacho.

Tanki la mashine hizi liko juu ya kabureta, mafuta yanashuka yenyewe. Kinachoyazuia ni sindano, inayosukumwa na boya kikombe kikijaa. Chembe moja ya vumbi ikikwama hapo, petroli inafurika usiku kucha, inapenya kwenye vali, inapita kando ya ringi za pistoni hadi chini kwenye oili. Na vumbi la Dodoma tunalijua. Ukijaza tanki kwa dumu bila chujio, umelimimina mwenyewe. Mashine ikilala stoo kiangazi chote na petroli ndani, inabaki gundi ya njano, na ncha ya sindano inachimbika alama ya duara kama pete. Ukiiona pete hiyo usihangaike kuisafisha, tupa sindano.

Kabla ya kufungua chochote toa waya wa plagi na umwage petroli ya tanki. Fungua kikombe, chomoa pini ya boya, kisha litikise boya karibu na sikio: ukisikia petroli ikicheza ndani limetoboka, na sindano mpya haitasaidia kitu. Mahali sindano inapokalia pasafishwe kwa pamba na dawa ya kabureta, msasa usipaguse kabisa. Ukishafunga, geuza kabureta juu chini, upulize njia ya petroli kwa kipande cha mpira safi. Hewa isipite. Ukiirudisha wima, ipite. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, halafu mteja anarudi na tatizo lile lile.

Koki inakaa kati ya tanki na kabureta, chujio litangulie. Klipu zake ni nyepesi mno. Moja ilianza kuvujisha petroli wiki ya pili. Weka za kukaza kwa bisibisi.

Oili iliyochanganyika imwage yote, usiwashe hata dakika moja: imekuwa nyepesi, vyuma vinasagana, na mvuke wa petroli unaweza kuwaka. Kama kamba imegoma, toa plagi uivute taratibu, mbali na moto, petroli itoke kwenye silinda. Injini hii inakula takriban lita 0.55, SAE 30 inafaa joto letu. Iendeshe dakika 10, umwage tena, uweke mpya. Inauma mfukoni, lakini hiyo ya kwanza kazi yake ni kusuuza.

Kila ukimaliza kukata, funga koki injini ikiwa inanguruma na uiache izime yenyewe, ili kikombe kibaki kikavu. Koki peke yake, bila kubadili sindano, sikushauri: ukisahau kuifunga usiku mmoja tu, oili imeharibika tena.

Kwa mashine kubwa za majani, zile unazokalia ukiendesha, zenye pampu ya mafuta inayosukumwa na pumzi ya injini, kifurushi hiki hakitoshi. Fungua na pampu pia. Utando wake ukichanika, petroli inashuka kwenye oili hata kama kabureta ni nzima.