Kisoma kadi cha kujitegemea: kinaifaa ofisi ndogo, hakiifai stoo

Mlango wa ofisi yetu hapa Dar es Salaam sasa unafunguliwa kwa kadi. Tulichofunga ni kisoma kadi cha kujitegemea, kisichohitaji kompyuta, chenye vitufe vya namba na kinachotumia umeme wa volti 12, na tumekiunganisha na kitasa cha sumaku chenye nguvu ya kushikilia kilo 280. Vifaa vya aina hii vimejaa madukani, na kwa ofisi ya watu wachache naona vinastahili bei yake.

Kuandikisha kadi hakuhitaji fundi. Unabonyeza nyota, unaingiza namba ya siri ya msimamizi na alama ya reli, unachagua 1, unataja namba ya mtumiaji, kisha unasogeza kadi mbele ya kifaa. Kinatoa mlio mfupi, na kadi imeingia. La kwanza kabisa liwe kubadili namba ya siri iliyotoka kiwandani, kwa sababu namba kama 123456 au 999999 zimeandikwa kwenye vijitabu vya maelekezo ambavyo yeyote anaweza kuvisoma.

Ugumu huja kadi inapopotea. Kadi iliyo mkononi hufutwa kwa kuisogeza tu, lakini iliyodondoka kwenye daladala lazima ifutwe kwa namba ya mtumiaji, na hapo ndipo njia ya mkato ya kadi kuu, yaani kadi ya msimamizi inayoandikisha nyingine bila vitufe, inapomgharimu msimamizi: ukiandikisha kwa kadi kuu, kifaa hujipangia namba chenyewe bila kukuonyesha, hivyo kadi ya mtu mmoja ikipotea huenda ukalazimika kufuta zote na kuwaita wenzako upya. Kwa hiyo naandikisha kwa vitufe, na katika daftari naweka jina, namba ya mtumiaji na tarakimu 10 zilizochapwa kwenye kadi, maana baadhi ya vifaa hukubali kufuta kwa tarakimu hizo. Kadi nyingi huwa na namba mbili, kwa mfano 0001234567 na 018,54919. Wengi hudhani ya pili ni ya kundi la kiwandani, kumbe ni namba ileile: ukizidisha 18 kwa 65,536 na kuongeza 54,919, unapata 1,234,567.

Upande wa usalama sifa zinapungua. Kadi za kilohezi 125, yaani za masafa ya chini, hutamka namba zake kwa kisomaji chochote kinachosogezwa karibu, bila usimbaji fiche wowote, na vifaa vya kuzinakili ni vya bei nafuu. Muuzaji akikupandisha hadi kadi za megahezi 13.56, muulize ni za aina gani, kwa kuwa ulinzi wa MIFARE Classic, aina mojawapo ya kadi hizo, ulivunjwa hadharani mwaka 2008, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud nchini Uholanzi walikuwa miongoni mwa waliouvunja. MIFARE DESFire EV2 au EV3 ni chaguo la heri, ila itakubidi ubadili na kisomaji.

Kasoro kubwa zaidi kwangu ni kwamba swichi inayofungua kitasa imo ndani ya kifaa chenyewe, nacho kimefungwa upande wa nje wa mlango. Anayefungua parafujo ya chini na kuzifikia nyaya za kitufe cha kutokea, kile kinachofungua mlango kutoka ndani, anaweza kuzigusanisha na kuingia bila kadi. Mifumo yenye kidhibiti kilichofichwa ndani haina tatizo hilo, ingawa gharama yake ni kubwa zaidi.

Umeme ukikatika, kitasa cha sumaku huachia. Kwa mlango wa kutokea watu hilo ni jambo jema hasa moto unapozuka, lakini pasipo betri ya akiba, ya volti 12 na ampea-saa 7 kwa mfano, ofisi hubaki wazi. Kwa mlango wa mbele wenye mlinzi karibu nakipendekeza kifaa hiki. Kwa stoo ya bidhaa au chumba cha fedha nisingekifunga.