Glock 20 kifuani mwa mvuvi wa samoni: bastola, ala na risasi zake

Mvuvi wa samoni aliyesimama mtoni Alaska, maji yakimfika magotini, ana mikono miwili na yote ina kazi. Mmoja umeshika fimbo, wa pili unacheza na mshipi. Shotgani aliyoiegemeza kwenye mti mita kumi nyuma yake ni mali ya atakayeifikia kwanza. Dubu wa kahawia akichomoka hufikia kilomita 56 kwa saa, maana yake mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili hivi. Kwa muda huo mtu aliyevaa suruali ya mpira hajatoka hata majini.

Ndiyo maana tukiipima Glock 20, bastola ya milimita 10 inayopendwa sana na wavuvi wa huko, hatuanzi na nguvu ya risasi. Tunaanza na mahali inapokaa. Ikiwa juu ya kifua inafaa. Ikiwa ndani ya begi, ni kilo moja ya uzito wa bure.

Aliyezoea kuona askari wa wanyamapori wa kwetu na raifo nzito za .375 au .458 mbele ya nyati na tembo, ataiona bastola hii kama kitu cha kuchezea. Hajakosea sana. Kwa nguvu tupu haifiki popote karibu na raifo hizo, wala na shotgani ya geji 12 iliyotiwa kipande kimoja kizito cha risasi. Wauzaji hupenda kutaja kwamba Doria ya Sirius, kikosi cha Denmark kinachozunguka Greenland kwa sleji za mbwa, hubeba Glock 20 kwa ajili ya dubu weupe. Ni kweli. Wanachosahau kukitaja ni kwamba watu hao wana raifo pia.

Inayopimwa hapa ni Gen4, yaani toleo la nne. Mtutu una milimita 117, magazini inabeba risasi 15, na ikijaa uzito wote ni takribani kilo 1.1. Mshiko wake ni mnene. Mwenye viganja vidogo aishike dukani kabla ya kulipa: kidole kikifika kwenye kifyatulio kwa kujivuta tu, risasi za kwanza zitakwenda pembeni, na mbele ya dubu zile za kwanza ndizo zenye maana. Haina sefti ya kubonyeza kwa kidole gumba. Sefti ya nje iko kwenye kifyatulio chenyewe, kwa hiyo ala (mfuko wa kubebea bastola) isiyofunika kifyatulio chote haifai hata ikitolewa bure.

Sasa risasi, na hapa Kiswahili kimetutania, kwa sababu jina la madini na jina la kinachotoka mtutuni ni lile lile. Vichwa vyenye tundu vinavyopanuka, vile vya kujikingia na binadamu, havifai kwa dubu. Vinafunguka mapema ndani ya manyoya, mafuta na nyama, kisha vinasimama kabla ya kufika kwenye mfupa wa bega. Kinachotakiwa ni kichwa cha kusubu: madini ya risasi yaliyochanganywa na antimoni na bati hadi yakawa magumu, pua bapa, uzito wa gramu 13 hadi 14.3 (kwenye pakiti imeandikwa greni 200 au 220), kasi karibu mita 365 kwa sekunde. Hicho hakipanuki, kinachimba. Pakiti ya risasi 20 huzidi dola 30, na hapo ndipo wengi wanapoanza ubahili unaowaponza.

Tatizo ni kwamba mtutu wa kiwandani wa Gen4 kwa ndani hauna mifereji yenye kingo kali. Una pande zilizoviringwa. Kitabu cha maelekezo cha Glock chenyewe kinakataza vichwa vya madini ya risasi visivyovikwa shaba. Madini huganda ndani ya mtutu, njia inabana, mgandamizo unapanda. Wapo wanaobishana kwamba kichwa kigumu cha kusubu hakigandi haraka, na kwa risasi chache hoja yao ina uzito. Lakini kwa mtu atakayefanya mazoezi ya kweli, dawa ni mtutu wa kubadilisha wenye mifereji ya kawaida. Unaingia bila fundi: toa magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma) na uhakikishe chemba, mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu kwa jicho na kwa kidole, fungua slaidi, toa springi, badilisha mtutu, rudisha. Asiyetaka gharama hiyo atumie risasi nzito zenye kichwa kigumu kilichovikwa shaba, au vya shaba tupu visivyopanuka.

Pua bapa nayo ina ukorofi wake. Inapopanda kutoka kwenye magazini huweza kugonga ukingo wa chemba na kukwama, hasa kwenye mitutu ya kubadilisha ambayo chemba zake zimebana zaidi. Usiiamini bastola mpaka imekula risasi 50 za aina ile ile utakayobeba, kutoka kwenye magazini zile zile, bila kukwama hata mara moja. Ikikwama mara moja katika 50, tafuta sababu. Mara nyingi sababu ni kifundo cha mkono kilicholegea: bastola ikipiga teke mkono ukaenda nayo, slaidi hairudi nyuma kikamilifu, ganda linabaki mlangoni. Jaribu kwa mkono mmoja pia, maana mtoni huenda ukabaki na mmoja.

Usikimbilie springi ngumu zinazouzwa kwenye mitandao. Springi ikizidi ugumu, slaidi inarudi mbele kabla magazini haijaisukuma juu risasi inayofuata, na unakuwa umenunua tatizo jipya kwa pesa zako. Anza na ya kiwandani.

Kuna kosa jingine la kimyakimya. Mtu anatoa risasi chembani kila jioni, asubuhi anairudisha ile ile. Kila inapogonga ukingo wa chemba, kichwa kinazama kidogo ndani ya ganda, nafasi ya baruti inapungua, na siku ikifyatuliwa mgandamizo unaruka juu. Weka alama ya kalamu kwenye risasi ya chembani. Ikiingia mara mbili au tatu, ipange pembeni ya mpya: ikionekana fupi, haitumiki tena.

Ala ya kifuani ndiyo nusu ya bidhaa hii, na kwa mvuvi pengine ni zaidi ya nusu. Ala ya kiunoni inagombana na mkanda wa suruali ya mpira, inazama maji yakifika mapajani, na inafunikwa na koti la mvua. Ya kifuani inakaa mshazari juu ya kila kitu, koti likiwa chini yake, na mkono wa kulia unaifikia hata ukiwa umekaa kwenye mtumbwi au umeanguka chali. Zipo za ngozi na zipo za plastiki ngumu aina ya Kydex. Ngozi ni tulivu na haikwaruzi, lakini ikilowa inakaa na maji siku nzima huku bastola ikiloa ndani yake. Kwa uvuvi chukua Kydex. Ina kelele na haipendezi macho, lakini maji yanachuruzika na ukisukuma bastola ndani unasikia inajifunga.

Skrubu zake ndizo udhaifu wake. Kutembea siku nzima kunazilegeza, ala inaanza kuning'inia, na siku moja bastola inadondoka mtoni bila mwenyewe kujua. Tia tone la gundi ya nyuzi za skrubu, kisha zikague kila asubuhi kabla ya kahawa. Pima mshiko hivi: bastola tupu ndani ya ala, pindua juu chini, tikisa kwa nguvu mara tano. Ikitoka, kaza. Bizimu ya ubavuni iwe ile inayofunguka kwa mkono mmoja, kwa sababu ukiburutwa na mkondo wenye nguvu utataka kuvua begi na kila kinachonasa.

Kuchomoa kunahitaji mazoezi ya pekee kwa mvuvi, na hatua ya kwanza ndiyo inayowashinda watu: kuiachia fimbo. Fimbo ya dola 300 mkono hautaki kuitupa. Fanya mazoezi ukiwa na fimbo ya zamani, bastola ikiwa tupu, mpaka kuiachia kuwe jambo la kawaida. Mkono wa kushoto ukishaachia, ubandike kifuani, maana mdomo wa bastola unapotoka kwenye ala ya mshazari hupita ulipokuwa mkono huo. Kisha sukuma mbele, mikono miwili. Kidole kinabaki nje ya kifyatulio mpaka umelenga. Kwenye uwanja wa shabaha lengo liwe sahani ya karatasi, mita saba, risasi tatu mfululizo. Risasi moja nzuri kwa kujipa muda haikufundishi kitu.

Udhaifu mkubwa wa bastola yoyote ya slaidi ni pale dubu anapokuwa juu yako. Ukiusukuma mdomo wake kwenye mwili wa mnyama, slaidi inarudi nyuma milimita chache, na haifyatuki. Rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, haina shida hiyo. Smith & Wesson 629 ya .44 Magnum ina risasi sita tu, lakini hata ikibanwa mbavuni mwa dubu italia. Inapiga teke kali, na zile nyepesi kama 329PD hupiga kiasi kwamba risasi zilizosubiri zamu yake huweza kuchomoka vichwa kidogo kutoka kwenye maganda na kufunga silinda isizunguke. Kwa anayefyatua mara chache kwa mwaka, rivolva nzito ni salama kuliko Glock. Kwa anayefanya mazoezi kila mwezi, Glock inashinda kwa wingi wa risasi na wepesi wa kurudi kwenye shabaha.

Na sasa maneno ambayo muuza bastola hatakwambia. Kopo la dawa ya pilipili la dubu lina rekodi nzuri kuliko inavyodhaniwa. Utafiti wa Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao uliochapishwa mwaka 2008, uliokusanya matukio 83 ya Alaska kati ya 1985 na 2006, ulikuta dawa ilisimamisha tabia mbaya ya dubu wa kahawia kwa asilimia 92. Upepo, kisingizio cha kila anayeidharau, ulisumbua mara chache. Utafiti wa bunduki wa 2012, wenye matukio 269, ulikuta bastola zikifaulu kwa asilimia 84 na bunduki ndefu 76. Tafiti hizo mbili hazikupima matukio ya namna moja, kwa hiyo tusizilinganishe kama matokeo ya mpira. Kinachoonekana ni kwamba dawa haihitaji shabaha ya bingwa. Nunua kopo lisilopungua gramu 225, lenye viambata vya pilipili asilimia 1 hadi 2, linalopuliza sekunde sita au zaidi, na soma tarehe ya mwisho. Litundike upande wa kushoto, pilipili ya kushoto na bastola ya kulia, ili mikono isigombane. Ndege za abiria haziliruhusu hata kwenye mzigo, hivyo linunuliwe ukishafika. Ukipanda ndege ndogo ya kutua majini, mwambie rubani kabla ya kupakia. Kopo likipasuka ndani ya chumba chake, wote mmekwisha.

Na kabla ya bastola na pilipili kuna kisu. Dubu akitokea samaki yuko kwenye ndoano, kata mshipi, kwa sababu samaki anayepigapiga maji ni kengele ya chakula. Kwenye mto wa Brooks, ndani ya hifadhi ya Katmai huko Alaska, ni lazima uache kuvua dubu akiwa ndani ya yadi 50, kama mita 46. Tangu Februari 2010 kubeba silaha katika hifadhi za taifa za Marekani kunafuata sheria za jimbo, ila ruhusa ya kubeba haikuja na ruhusa ya kufyatua.

Kwa wasomaji wetu walioko Marekani, hili liangalieni kabla ya bei. Mwenye kadi ya kijani anaweza kumiliki bastola. Mwenye viza ya utalii au ya masomo kwa kawaida hawezi hata kuishika, isipokuwa kwa misamaha michache, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo lolote. Anayekwenda Alaska kwa gari atapita Kanada, na Kanada haikubali bastola ya kujikingia na dubu mpakani. Bunduki ndefu inatangazwa kwa fomu na kulipiwa dola 25 za Kanada. Kwa ndege, bastola iwe tupu ndani ya sanduku gumu lililofungwa, itangazwe kaunta, iende na mizigo.

Ukimuua dubu kwa kujitetea, sheria ya Alaska inakutaka umchune, utoe ngozi na kucha zake pamoja na fuvu, uvikabidhi kwa idara ya wanyamapori, na uandike ripoti ndani ya siku 15. Hubaki na chochote. Na ikibainika kwamba dubu alivutwa na samaki au takataka ulizoacha wazi, utetezi wako unaanguka. Kwa hiyo ndani ya begi, pembeni ya kisu cha kupasulia samaki, weka kisu cha kuchunia na kamba ya mita kumi. Dubu wa kilo 300 hageuzwi kwa mikono mitupu.