0 A.D. kwa watu wanne, Goma: uzoefu wangu

0 A.D. ni mchezo wa kompyuta wa bure, wa kujenga falme na kupigana, na mkiwa chumba kimoja hauli mega hata moja. Jina lake linataja mwaka ambao haukuwahi kuwapo, lakini falme zake ni za kweli: Roma, Kartago, Uajemi, hata Kush ya mto Nili na piramidi zake.

Faili lake linazidi gigabaiti moja. Mmoja alipakue usiku, wengine wachukue kwa fleshi. Namba ya toleo iwe moja kwa wote, na nyongeza (mods) vilevile, la sivyo hamtaingia pamoja. Anayetumia Ubuntu (mfumo wa Linux) asichukue ile ya hazina ya programu za Ubuntu yenyewe, mara nyingi ni ya zamani.

Kuunganisha ni ruta moja, au simu inayogawa wifi huku data imezimwa. Mmoja anafungua mchezo, wengine wanaandika anwani yake (kwa mfano 192.168.1.5) na mlango (port) 20595. Ikigoma, shuku kwanza ulinzi wa Windows (firewall): uruhusu mchezo kupita kwa UDP, aina ya mawasiliano unayotumia.

Sasa umeme. Ukikatika, aliyetoka anarudi kwa jina lilelile na kukuta vita vinaendelea. Lakini akizimika aliyefungua mchezo, umekwisha kwa wote. Basi afungue mwenye laptop yenye betri nzima, na ruta ikae kwenye betri ya sola. Awe pia na mashine ya nguvu, ingawa hiyo haitoshi: kompyuta zote zinakwenda kwa mwendo wa ile dhaifu kuliko zote. Dakika za mwanzo hamtaona kitu. Majeshi yakijaa, amri ya kushambulia inachelewa na skrini inataja jina la anayewakwamisha. Sisi tunaweka kikomo cha watu 100 kwa kila mchezaji, ramani ndogo. Ukiacha zaidi ya hapo, mmekaa kutazama picha.

Unaanza na 300 za kila kimoja: chakula, mbao, mawe na chuma. Shikilia Shift, agiza wanawake watano mara moja: 250 za chakula, wote wapelekwe kwenye matunda. Askari wa miguu wakate mti, mpanda farasi awinde kuku walio karibu na jengo kuu. Halafu nyumba, mapema! Falme nyingine hujenga ya watu 5 kwa mbao 75, nyingine ya watu 10 kwa mbao 150. Wageni wengi wanapigwa kwa sababu jengo kuu lilikaa dakika mbili bila kuzalisha mtu, wala si kwa upanga.

Kisichonifurahisha ni utekaji wa majengo. Adui anaweza kuliteka jengo lako likiwa zima, na likishapita nusu mikononi mwake huwezi tena kulibomoa. Ingiza askari ndani mapema, au bonyeza Delete kabla hajafika nusu. Kambi ya mpakani ndiyo inayokwenda kwanza.