Manifold kwa kunusa ubadhirifu wa vikundi: inafaa, kwa masharti

Manifold ni tovuti ya masoko ya ubashiri. Mtu anafungua swali, wengine wananunua hisa za NDIYO au HAPANA, na bei inasomeka kama asilimia ya uwezekano. Hisa ya NDIYO iliyonunuliwa kwa 30 hulipa 100 jawabu likiwa ndiyo; likiwa hapana, imekwenda. Sarafu yake, mana, ni ya mchezo, na kwa Visiwani hilo tu ndilo linaloifanya izungumzike. Polymarket, tovuti nyingine ya masoko ya ubashiri, hutumia sarafu ya kidijitali yenye thamani ya dola, na kwa wengi hapa hiyo ni kamari, basi. Huko Marekani nako ilitozwa faini ya dola milioni 1.4 mwezi wa Januari 2022 kwa kuendesha soko bila ya usajili.

Faida ya Manifold kwa kikundi cha mwani au kamati ya skuli ni moja: mpima mizani au dereva anayejua kuwa stakabadhi zimechezewa, lakini hathubutu kusimama mkutanoni, anaweza kusogeza bei bila ya kusema neno.

Kazi kubwa iko kwenye swali. "Je, mshika fedha wa kikundi fulani ni mwizi?" ni kashfa, na halina siku ya kuamuliwa. Liandikwe hivi: "Je, ukaguzi utakaokamilika kabla ya 30 Juni utakuta tofauti ya zaidi ya shilingi 500,000 baina ya stakabadhi na taarifa ya benki ya kikundi A?" Kiwango, nyaraka, tarehe. Hakuna jina la mtu.

Hata hivyo mtego umo humo humo. Swali lisilo na ukaguzi nyuma yake hujibiwa HAPANA muda ukipita, hata kama fedha zimeliwa. Kwa hiyo bei inapima uwezekano wa kukamatwa, si wa wizi, na palipo na ulinzi mkubwa wa wakubwa ndipo bei itakapokuwa chini kabisa. Dawa ni kura ya bahati. Kama vikundi ni 20 na uwezo wa kukagua ni vikundi 4, fungua masoko 20, yafunge yote siku moja, kisha piga kura hiyo hadharani kupata vikundi vinne. Vinne hivyo vikaguliwe na masoko yao yaamuliwe. Masoko ya vile 16 yafutwe, mana irudi kwa wenyewe. Kura isitangulie kufunga soko, na bei isichague vya kukagua, la sivyo mtu atanunua NDIYO ili kumpelekea hasimu wake wakaguzi. Bei za vile 16 ziwekwe kando, zitumike kupanga ukaguzi wa baadaye, nje ya soko.

Ushahidi upo kiasi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya masoko kama haya kuhusu tafiti 41 za saikolojia zilizorudiwa ili kuona kama matokeo yatajirudia: soko lilikisia sawa kwa asilimia 71 ya tafiti hizo. Lakini pale kila utafiti ulirudiwa kweli, na wabashiri walikuwa wanasayansi.

Kasoro tatu za Manifold zinauma. Manunuzi yanaonekana kwa jina la akaunti. Katika shehia ndogo, mtu asiyejulikana akinunua sana swali moja tu, atatambulikana kabla ya magharibi. Atumie jina jipya na anunue masoko kadhaa, kidogo kidogo. Pili, bei iko wazi muda wote: ikifika 80 wiki tatu kabla ya ukaguzi, mhasibu ana wiki tatu za kutengeneza stakabadhi. Siku tano za soko zinatosha. Tatu, anayefungua swali ndiye anayeliamua, kwa hiyo mfunguaji awe mtu wa nje ya kikundi.

Masoko yenye wabashiri wachache huyumba mno. Manunuzi ya mtu mmoja yanaweza kupandisha bei kutoka 20 hadi 60. Mfunguaji aongeze mana ya kutuliza bei, na chini ya wabashiri kumi na tano hivi asihangaike. Maelezo ya tovuti ni ya Kiingereza, ila swali lenyewe linaandikika kwa Kiswahili bila tabu.

Bei ya 85 haipelekwi ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi Zanzibar. Kinachopelekwa ni stakabadhi na taarifa ya benki.