Korodani na epididimisi, ipi inafanya nini?
Wengi wanadhani mbegu ikitoka kwenye korodani kazi imeisha, hapana jamani. Korodani ndo kiwanda, ndani kuna vijimirija vyembamba na mbegu inachukua kama siku 70 kutengenezwa, halafu kati ya kijimirija na kijimirija kuna seli za kutoa testosteroni (homoni ya kiume), na mbegu zinataka joto la chini kidogo kuliko la mwili ndo maana korodani zinaning'inia nje. Epididimisi haizalishi mbegu hata moja. Ni mrija mmoja umejikunjakunja nyuma ya korodani, ukiunyoosha unafika kama mita 6 (!), humo ndo mbegu zinakomaa zinapata uwezo wa kuogelea. Kwahiyo ukijipapasa ukakuta kitu laini kama kamba huko nyuma usishtuke, ndo yenyewe. Uvimbe mgumu kwenye korodani yenyewe, wahi hospitali.