Fort Amherst, Chatham: ngome inayotunzwa na majirani zake

Ndugu zangu mnaoishi London na Kent, hasa nyinyi mnaopokea wageni kutoka nyumbani kila kiangazi na kuishia kuwatembeza madukani, nendeni Fort Amherst. Iko Chatham, kando ya mto Medway, na ukitoka London kwa treni unafika kabla ya saa moja kwisha. Mimi nimezaliwa Mombasa, nimekulia karibu na Fort Jesus, kwa hiyo ngome si kitu kigeni kwangu. Hata hivyo, hii imenishika kiasi kwamba sasa najitolea hapo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza jueni mnachokwenda kuona. Ukitarajia kuta ndefu zinazoinuka kutoka baharini kama zile za Fort Jesus, hutazipata. Sehemu kubwa ya Fort Amherst imejificha ndani ya kilima. Kuna maboma ya udongo yenye nyasi, mahandaki mapana, yaani mitaro mikubwa ya wazi, yaliyojengewa matofali pande zote, na chini yake njia zilizochimbwa ndani ya mwamba wa chaki. Udongo ulichaguliwa makusudi, kwani risasi ya mzinga ikigonga jiwe hulipasua, lakini ikigonga tuta la udongo hudidimia tu.

Sababu ya kuwepo ngome ni kiwanda cha meli za kivita kilichokuwa chini ya kilima. Mwaka 1667 Waholanzi walipanda na mto Medway, wakachoma meli za Waingereza na kuikokota Royal Charles, meli kuu ya mfalme, hadi kwao. Waingereza hawakuisahau aibu ile. Wasiwasi wao wa baadaye ulikuwa adui atakayeshuka mahali pengine pwani, kisha aje kwa miguu na kukivamia kiwanda kutoka mgongoni. Ndipo kuanzia 1756 wakachimba mstari mrefu wa mahandaki kuizunguka sehemu ya nchi kavu, na Fort Amherst ikawa ncha yake ya kusini, juu ya mji. Meli ya Victory, ile aliyofia Nelson, amiri maarufu wa jeshi la majini la Waingereza, ilijengwa hapo chini na kushushwa majini mwaka 1765.

Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alipowatia hofu, ngome ikapanuliwa kati ya 1802 na 1811, na wafungwa ndio waliotiwa kazini kuchimba zile njia za chini. Hii ndiyo sehemu ya ziara iliyonigusa zaidi. Kiongozi wetu alizima tochi yake kubwa, akawasha ndogo na kuielekeza ukutani kwa upande, na hapo alama za sururu zikajitokeza kwenye chaki, moja baada ya nyingine, zote zikiinamia upande mmoja. Ukipitisha kidole unahisi kila pigo. Mama mdogo, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa, aliniuliza, "Mwanangu, na hapa vita vilipiganwa lini?" Nikamfasiria kiongozi, naye akajibu kwamba ngome haikuwahi kushambuliwa. Mama mdogo akautazama tena ule ukuta, akasema, "Basi waliopigana ni hawa." Nikafasiri na hilo, na kiongozi akatusimamisha hapo kwa muda zaidi, akitueleza kazi ilivyokuwa.

Kwetu tuliotoka kwenye ngome iliyozingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, ngome isiyo na vita inaweza kuonekana kama haina hadithi. Mimi naona kinyume. Hapa hadithi haimezwi na masultani na magavana. Unabaki na wachimbaji, waashi, askari wa zamu, na wale wa Vita vya Pili vya Dunia waliozitumia njia hizi kupanga ulinzi wa raia.

Sasa nije kwa wanaoitunza. Baada ya vita ile, mahali hapa paliachwa, miti ikaota juu ya maboma na taka zikajaa handakini. Wenyeji wakaingia kazini, na tangu 1980 ngome iko mikononi mwa shirika la hisani linalotegemea kwa kiasi kikubwa watu wa kujitolea. Wengi ni wastaafu: mafundi, walimu, na watu waliowahi kufanya kazi kwenye kile kiwanda cha meli kabla hakijafungwa mwaka 1984. Mtu uliyemwona asubuhi na ndoo na mwiko ndiye huyohuyo mchana anayekuongoza chini ya ardhi. Nimetembezwa na viongozi wengi wa kulipwa katika majengo makubwa ya nchi hii, wenye maelezo waliyoyakariri, na sijasikia tofali likielezwa kwa mapenzi kama nilivyosikia hapa. Anakuonyesha ukuta na kukwambia wapi palikuwa pamebomoka, nani alipashika, na pamechukua muda gani.

Tulipotoka njia za chini tulimkuta mzee mmoja akijaza viungo vya matofali. Mama mdogo akaisogelea ndoo yake, akaangalia, akasema kwa mshangao, "Hii ni chokaa, si saruji!" Marehemu babu yangu alikuwa mwashi Mji wa Kale, na mama mdogo alikulia akiona mawe ya matumbawe yakichomwa kwenye tanuu, kisha chokaa ikilowekwa na kuachwa ilale. Yule mzee akampa mwiko aishike mwenyewe. Wakawa wanazungumza, mimi nikiwa mkalimani, na kwa kweli hawakunihitaji sana. Saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani, wakakubaliana. Maji yakishaingia ukutani hayana pa kutokea, na huku kwa Wazungu yakiganda wakati wa baridi huvimba na kuubandua uso wa tofali. Chokaa ni laini, inaliacha jengo lipumue, na ikichakaa unaikwangua na kuweka nyingine bila kuumiza tofali.

Baada ya siku hiyo nilijiandikisha. Sikuulizwa vyeti. Nilielezwa usalama, nikapewa helmeti na glavu, nikapangiwa kufyeka. Kufyeka ndiyo kazi kubwa ya hapa, maana mizizi ya miti ni adui mkubwa wa matofali, na ile mimea inayotambaa ukutani usiing'oe kwa pupa, utashuka na ukuta. Unaikata shina, unaiacha ife, ndipo unaibandua taratibu. Jingine nililojifunza ni subira ya ruhusa. Ngome inalindwa kisheria kama mabaki ya kale ya taifa, kwa hiyo huwezi kuamka ukachimba au kujenga unavyotaka, lazima kibali cha serikali kipatikane kwanza. Wapo wanaolalamika, lakini mimi naunga mkono. Nimeona nyumba ngapi Mombasa zilizoharibiwa na mtu mwenye nia njema na mfuko wa saruji!

Kuitangaza ngome nayo ni kazi. Wanaojitolea hupokea wanafunzi wa shule, huvaa sare za askari wa enzi ya Napoleon siku za maonyesho, na husimama mlangoni kuuza tiketi. Nadhani sisi tuna nafasi hapa. Familia za Kiafrika zimejaa Chatham na Gillingham, na wengi hupita chini ya kilima kila siku bila kujua kuna nini juu. Mimi nimeanza na watu wa msikitini kwetu, na vijana waliokuja wamependa zile njia za chini kuliko kitu kingine chochote.

Kwa anayepanga kwenda: angalia ratiba ya ziara kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu njia za chini huingii bila kiongozi. Vaa viatu vinavyoshika, njia zina unyevu na ngazi, na mwinuko ni mkali kwa mtu mwenye magoti mabovu. Chukua sweta hata Julai, maana chini ni baridi mwaka mzima. Mtoto anayeogopa giza mwandae mapema. Ukimaliza, panda hadi kileleni uuone mto na kiwanda cha meli kwa pamoja. Hapo ndipo utaelewa kwa nini mizinga ilielekezwa ilikoelekezwa.

Anayetaka kujitolea aje kabla baridi haijaanza, kwa sababu kazi ya chokaa husimama theluji ikikaribia, na sasa hivi upande mmoja wa handaki unangoja mikono.